Uzi: Waridi la mbegu hapa Tabora, mwaka wa pili sasa (na mliouziwa "waridi la bluu" njooni tulie pamoja)

Kitalu_Cheyo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niko Tabora mjini, nauza miche kando ya barabara. Mtu anashuka kwenye bodaboda, ananunua mpapai mmoja, anaomba nyongeza mche wa mwembe. Ndiyo kazi yangu. Nyuzi za maua humu nyingi ni za watu wa Arusha na Lushoto, ambao kwao waridi linashika hata ukilitupa. Huu ni wa sisi wa kichanga, mchwa na jua la Oktoba.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilinunua mtandaoni pakiti tano za mbegu za waridi: bluu, jeusi, kijani, upinde wa mvua, na moja iliyoandikwa tu "adimu". Shilingi 6,000 kila moja. Nikachekecha udongo, nikasia, nikafunika kwa nyasi kama kitalu cha tumbaku. Siku ya nne zikaota. Karibu zote! Nikaita hadi majirani. Wiki ya tatu mzee mmoja wa jirani, mkulima wa tumbaku tangu ujana wake, akainama, akachuma jani, akalifikicha, akanusa. "Mwanangu, hii nyanya."

Bluu ilikuwa nyanya. Jeusi ilikuwa jamii ya mchicha. Upinde wa mvua mpaka leo sijui ni mmea gani, ila mbuzi wa pale nyuma waliupenda sana.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, baada ya kuliwa elfu thelathini. Waridi la bluu kwa asili halipo. Kuna rangi inaitwa delfinidini, ndiyo inayoyapa maua mengi ubluu wao, na waridi haliwezi kuitengeneza. Kampuni ya Suntory ya Japani ilihangaika miaka mingi pamoja na Florigene ya Australia, wakachukua jeni ya ua jingine wakaipandikiza maabara, na waridi lao Applause likaanza kuuzwa Japani mwaka 2009. Tafuta picha yake. Ni zambarau iliyopauka. Sasa kama Wajapani na maabara zao wameishia kwenye zambarau, mimi na trei yangu nilitegemea nini? Hilo la upinde wa mvua nalo ni waridi jeupe lililokwisha kukatwa: kikonyo kinapasuliwa, kila kipande kinatumbukizwa kwenye maji ya rangi yake, ua linakunywa. Hapo hakuna mbegu wala mche.

Na jambo lililopaswa kunishtua ni zile siku nne. Mbegu ya waridi haioti siku nne. Nitaeleza jioni, kuna mteja hapa.

Jembe_Butu

Hahaha, "adimu" ilitoka nini mkuu?

Kitalu_Cheyo

Haikutoka kitu. Ndiyo iliyokuwa ya kweli kuliko zote.

Mwambao_Kibirizi

Dada yangu (au kaka?), mimi niko Kigoma, nilipigwa hivyohivyo. Zangu zilitoka majani kama bangi, mke wangu akaning'olesha usiku huohuo asije mjumbe akaona. Endelea, tunafuatilia.

Kitalu_Cheyo

Dada. Haya, nimefunga biashara.

Wengi hatujui kama waridi linazaa, kwa sababu tunakata ua kabla halijamaliza kazi yake. Ukiliacha mtini, petali zikadondoka, ile sehemu ya chini ya ua inavimba na kuwa tunda dogo la mviringo, kama pera lililodumaa. Linakaa kijani muda mrefu, halafu linageuka machungwa au jekundu. Hesabu miezi minne hivi tangu ua lichavushwe. Yale mawaridi yenye petali nyingi mno, yaliyojaa kama kabichi, mara nyingi hayazai. Zile nyuzi za chavua zimegeuka petali. Tafuta lenye petali chache, ambalo ukilitazama unaona unga wa manjano katikati.

Mimi nililipata Isevya, hapahapa mjini, uani kwa mama mmoja mtu mzima. Waridi la pinki, petali kumi na kitu, halina jina. Anasema alilikuta alipohamia. Akanipa matunda tisa kwa sharti nimpelekee mche mmoja.

Kuyapasua: vaa glovu, au walau usijikune. Ndani kuna vinyweleo vidogo, na waliowahi kupita kwenye upupu huko Urambo au Sikonge wataelewa nikisema ni mdogo wake. Nilipata mbegu 64, ngumu kama punje za mtama zilizochongwa pembe. Zioshe mpaka nyama yote itoke. Ile nyama na lile ganda ndivyo vinavyoiambia mbegu "bado, lala". Nilizitia kwenye glasi ya maji, zilizoelea nikazitenga. Sikuzitupa, na nilifanya vizuri, maana mbili kati ya hizo zilikuja kuota.

Sasa sehemu iliyonipa shida. Mawaridi mengi asili yake ni huko kaskazini kwenye majira ya baridi. Mbegu inaanguka wakati wa kuelekea baridi, na ingeota hapohapo mche ungekufa kwa barafu. Kwa hiyo imejiwekea kufuli, na ufunguo ni baridi yenyewe: baridi ya unyevunyevu, digrii 1 hadi 5, wiki 8 mpaka 12. Tabora hatuna hiyo. Hata ule usiku wa Julai unaotufanya tuvae masweta mawili, kwa mbegu ya waridi ni joto tu. Mtungi nao hausaidii; unapooza maji ya kunywa, haufiki huko.

Inabidi friji. Mimi sina friji.

Jembe_Butu

Ukafanyaje?

Kitalu_Cheyo

Friji la soda, duka la jirani. Nilizifunga kwenye tishu yenye unyevu (unyevu, siyo kuloa, ikamue), nikaweka kwenye mfuko wa zipu, nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, zikakaa nyuma ya chupa wiki kumi. Kila Jumapili nilikwenda kuzikagua. Wateja wakazoea, ila kuna kijana alisema duka lile lina dawa, ndiyo maana linauza. Ukungu ulitokea mara mbili. Nikaziosha kwa ile dawa inayotoa povu ya kusafishia vidonda, nikaichanganya na maji mengi, nikabadilisha tishu. Umeme kukatika saa kadhaa hakukuziua.

Niliziweka mwezi wa nne, nikazitoa mwishoni mwa Juni. Hiyo hesabu siyo ya bahati. Mbegu ikitoka kwenye baridi inataka ubaridi wa wastani kuota, digrii 18 hadi 21, na Julai yetu ndiyo hiyohiyo kwa saa nyingi za siku. Ukikosea ukazitoa Septemba, unazipeleka kwenye tanuri.

Mwambao_Kibirizi

Dada Kitalu, mimi nimeshaweka zangu tangu juzi, lakini kwenye friza, pamoja na migebuka ya mama watoto. Si baridi ni baridi?

Kitalu_Cheyo

Toa kaka! Toa sasa hivi. Mbegu imeshakunywa maji, ukiigandisha inapasuka kwa ndani kama chupa ya soda iliyosahauliwa humo. Ziweke kwenye droo ya mboga kule chini.

Mwambao_Kibirizi

Droo ya mboga ina dagaa. Ngoja nizungumze naye.

Jembe_Butu

Sasa mimi niulize swali la kijinga. Wiki kumi kwenye friji la watu, mbegu 64, ukungu, kijana anasema mchawi. Wakati mimi nakata tawi la waridi, urefu wa kalamu, naacha majani mawili juu, nachomeka kivulini kwenye mchanga wenye unyevu, mwezi na nusu nina mche wenye mizizi. Na ni waridi lilelile. Faida ya mbegu iko wapi? Mashamba ya waridi ya Arusha na Naivasha wanapanda mbegu?

Kitalu_Cheyo

Hilo swali siyo la kijinga, ndilo lenyewe. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nilijibu vizuri.

Mashamba hayapandi mbegu. Wanabebesha, kama miembe: shina la chini gumu, mara nyingi lile liitwalo Natal Briar, juu wanapachika jicho (chipukizi dogo la tawi) la aina wanayotaka. Kila ua linalotoka hapo ni nakala. Nawe ukikata tawi umetengeneza nakala. Kama unataka waridi la mama yako lilelile, rangi ileile, harufu ileile, kata tawi na achana na uzi huu. Nasema kwa nia njema kabisa.

Mbegu haikupi waridi lako. Inakupa mtoto wake, na baba mara nyingi humjui, nyuki ndiye anayemjua. Mawaridi ya bustani yamechanganywa na kuchanganywa tena kiasi kwamba tunda moja lenye mbegu saba linaweza kukupa watoto saba wasiofanana. Pinki, jeupe, refu, fupi, lenye harufu, lisilo nayo. Wengi wanakuwa wabaya kuliko mama. Lazima niseme hilo, maana wauza mbegu hawalisemi.

Lakini nenda kwenye aina mpya yoyote, utakuta mbegu mwanzoni. Kuna waridi moja la manjano lenye kingo za pinki, pengine umeliona kwenye kalenda. Mfaransa Francis Meilland alichanganya mawaridi mwaka 1935, akasia mbegu, na mche mmoja kwenye kundi ukawa huo. Vita ya Pili ya Dunia ilipokaribia akawahi kutuma macho yake ya kubebeshea nje ya nchi. Kwao Ufaransa likaitwa jina la mama yake, Madame A. Meilland. Marekani wakalizindua tarehe 29 Aprili 1945, kwa jina la Peace, yaani Amani, vita ya Ulaya ikiwa katika siku zake za mwisho. Kila shina la Peace lililopo duniani leo ni tawi la ule mche mmoja. Mbegu moja, kaka. Baada ya hapo ni nakala tu.

Mimi sisemi nitapata Amani hapa Cheyo. Nasema nataka nione nitakachopata.

Jembe_Butu

Nimekuelewa. Bado nitakata tawi.

Bibi_Ngambo

Wajukuu, hamjambo. Nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu. Ninyi mnazungumza rangi tu. Sisi zamani waridi tulilipimia pua. Kwenye maulidi na harusi hapa mjini, mrashi unazungushwa, mnanyunyiziwa marashi mawaridi mikononi, na yale hayakutoka kwenye maua haya yenu ya kufungwa nailoni. Hayo yenu ukiyanusa ni kama kunusa karatasi. Kuna yeyote aliyepanda waridi la marashi hapa Tabora?

Kitalu_Cheyo

Shikamoo bibi. Sijampata mtu. Waridi la marashi wanaliita la Damaski, ndilo linalolimwa Taif kule Saudia na Jabal Akhdar kule Omani, milimani kote huko, kwenye baridi. Hapa chini lingepata tabu bibi, na kwa mbegu ndiyo kabisa, lenyewe ni chotara wa zamani. Kwa huko kuagiza mche tu. Ila kuhusu karatasi umesema kweli. Mawaridi ya kukatwa yamechaguliwa yakae siku nyingi kwenye chombo na yavumilie safari ya ndege, na harufu ikaachwa njiani.

Bibi_Ngambo

Marahaba. Basi ukipata linalonukia nitunzie. Rangi usinichagulie.

Mwanachuo_Tumbi

Habari zenu. Mimi nasomea kilimo. Kwa anayeanza na mbegu, aanze na aina gani? Nimeona majina mengi, rugosa, multiflora, canina, nachanganyikiwa.

Kitalu_Cheyo

Nitakujibu kwa niliyoyajaribu na niliyoyasoma, utenganishe mwenyewe.

Rahisi kuliko yote ni yale madogo ya Kichina, Rosa chinensis. Haya baridi hayahitaji sana, mengine yanaota bila friji ndani ya wiki chache, na yanachanua mwaka uleule yakiwa na kimo cha kiganja. Ndiyo pia yaliyoleta tabia ya kuchanua mara kwa mara. Mawaridi mengi ya Ulaya yalikuwa yanachanua mara moja kwa mwaka basi, mpaka ya Kichina yalipofika huko mwishoni mwa karne ya 18. Ndiyo maana mtoto wa waridi la kisasa anaweza kukuonyesha ua akiwa na miezi miwili mitatu, na mtoto wa waridi la porini akakukalisha miaka miwili mitatu.

Multiflora inatoa maua madogo meupe kwa vishada, inaota vizuri ikipita friji, ila ina fujo. Marekani waliieneza kama uzio, leo wanaing'oa kama magugu. Usiipande ukamwachia jirani. Rugosa sijaijaribu, ni ya pwani za baridi za Asia Mashariki.

Canina ndiyo ya kukufundisha subira. Ganda gumu, inataka joto kwanza, kisha baridi, na baadhi ya mbegu zinangoja mwaka wa pili. Wewe unayesoma kilimo utaipenda kwa sababu nyingine: ina kromosomu (vile vibeba urithi) 35, chavua inabeba 7 tu, yai linabeba 28. Kwa hiyo mtoto anamfuata mama karibu kwa kila kitu. Kama ukoo wa akina fulani ninaowajua.

Na kabla hujaniuliza la kwetu: waridi la asili la Afrika kusini mwa Sahara ni Rosa abyssinica, la Ethiopia na majirani zake, jeupe, la milimani. Huku kwetu kwenye miombo waridi ni mgeni. Hata jina lake tumelipata kwa Waarabu.

Mwanachuo_Tumbi

Asante sana dada. Na udongo?

Kitalu_Cheyo

Mchanga wa mtoni uliooshwa, mboji iliyoiva, na pumba za mpunga zilizochomwa kidogo. Samadi mbichi hapana. Mbegu ifukie kina cha sentimita moja, mwagilia kwa kopo lenye matundu ya sindano. Zangu 64: ya kwanza ilitoka siku ya 19, ya mwisho baada ya miezi miwili, wakati nilishaanza kuitumia ile trei kuegeshea mlango. Jumla zilitoka 11. Majani mawili ya kwanza hayana meno, usiyang'oe ukadhani ni magugu. Ya pili ndiyo yanakuja na umbo la waridi.

Kinyaushi kilichukua minne kwa usiku mmoja. Shina linakonda pale kwenye udongo, mche unalala kama umepigwa kofi. Kosa langu, nilimwagilia jioni. Tangu hapo ni asubuhi tu. Kuku akachukua mmoja. Mmoja nikauvunja mwenyewe nikiuhamishia kwenye kiriba, sitaki kuuzungumzia. Ikabaki mitano.

Mwambao_Kibirizi

Wakuu nimerudi. Mimi sikungoja nyuki. Nilitaka kuliozesha jekundu la kwangu kwa jeupe la jirani. Nilifungua chipukizi la ua kabla halijachanua, nikatoa petali na zile nyuzi zote za chavua kwa kibano cha nyusi cha mama watoto (hajui). Kesho yake pale katikati pakawa na utomvu wa kunata, nikapaka unga wa jeupe kwa kidole, nikafunika na kimfuko cha karatasi, nikafunga uzi. Sasa wiki ya tatu, panavimba! Swali ni hali ya hewa. Hapa ziwani joto na unyevu mchana na usiku, majani yanajaa madoa meusi, yanakuwa manjano yanadondoka.

Kitalu_Cheyo

Hongera kaka, wewe umenipita. Madoa meusi ni kuvu, inapenda jani linalokaa na maji. Mwagilia chini kwenye shina, usioge majani, okota yaliyodondoka uyachome, na panda kwa nafasi upepo upite. Kama una ndugu Kasulu au sehemu nyingine ya juu, gawana naye miche. Kule kuna ubaridi ambao mimi na wewe tunausikia kwenye redio.

Mwambao_Kibirizi

Shemeji yuko Kasulu. Tatizo atadai ni yake.

Kitalu_Cheyo

TAARIFA, kwa mlioniuliza kwenye ujumbe wa siri.

Namba moja ilichanua Oktoba, katikati ya lile joto, ikiwa na urefu wa sentimita 20. Petali tano tu, jeupe lenye haya ya pinki pembeni, likadumu siku mbili likapukutika. Harufu hakuna. Mteja mmoja aliliona akaniuliza kama ni ua la bamia. Silikati, kwa sababu linazaa matunda vizuri na nataka mbegu zake.

Namba mbili ni pinki kama mama yake kabisa, hata ile tabia ya kuinamisha shingo. Hiyo nimempelekea mama wa Isevya. Aliliangalia muda mrefu, akasema, "Hili si ndilo langu ulilolikata?" Sikubishana.

Namba tatu iliondoka na mchwa. Niliihamishia ardhini mapema, nikaweka matandazo ya nyasi kavu, na kwa mchwa wa Tabora hiyo ni sawa na kuandika karibu chakula. Nikakuta shina limesimama, chini hakuna mizizi. Sasa nazungushia majivu, nyasi naziweka mbali na shina, na iliyobaki inakaa kwenye ndoo.

Namba nne haijachanua. Ina miiba mpaka kwenye mshipa wa jani, inapanda tu kuelekea paa la kibanda. Nahisi baba yake alikuwa wa kutambaa, ndio hao watakaonikalisha miaka miwili.

Namba tano imefungua leo alfajiri. Nyekundu iliyoiva, petali nyingi kiasi, kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Na inanukia. Siyo sana, lazima uinamishe uso, lakini inanukia, kitu kati ya waridi na pera bivu. Nimekata tawi moja urefu wa kalamu, nimeacha majani mawili juu, nimechomeka mchangani kivulini. Bibi Ng'ambo, nipe mwezi na nusu.

Jembe_Butu

Tawi. TAWI! Nilisema nini mimi?

Bibi_Ngambo

Nangoja, mwanangu. Mrashi ninao bado, umepata kutu kidogo tu mdomoni.

Mwambao_Kibirizi

Tunda langu limeanza kugeuka machungwa. Mama watoto ameuliza dagaa zake zitakaa wapi wiki kumi. Mwenye jibu aje haraka, yuko jikoni.